Bei ya Mtu Asiyeweza Kushuka

Katika ukoo wetu, mtu akitaka kutupa pesa huja kwanza kuniuliza mimi. Haji kuomba ruhusa. Anakuja ili pesa zikishakwisha tuwe wawili kwenye kesi.

Safari hii ni shemeji yangu wa Liège, mume wa mdogo wangu. Amelipia siku 7 ndani ya meli ya starehe, kampuni ya Kimarekani, kutoka Barcelona hadi Barcelona. Yaani wametoa pesa ili wasifike popote. Hilo nimelimeza. Sasa ananitumia sauti ndefu kwenye WhatsApp, intaneti yangu inayeyuka huku yeye anakohoa na kucheka, halafu mwisho kabisa ndipo anauliza: "Shemeji, divai ya mule melini ina faida? Nichukue kifurushi cha siku zote, ao nilipe glasi kwa glasi?"

Mimi naishi Likasi, Kongo, upande wa kwenda Shinkolobwe. Bahari iko mbali nasi kiasi kwamba ukiitaja sokoni watu wanadhani unahubiri. Divai ninayoijua vizuri ni ile iliyotoka Afrika Kusini kwa lori, ikavuka Zambia, ikalala Kasumbalesa juani kwenye foleni ya mpaka, ikafika dukani kwetu imechoka kuliko dereva. Lakini mtu ameuliza habari za bei, na habari za bei mimi siwezi kuzipita kimya kama mtu aliyepita matangani bila kusalimu.

Nilimwambia anitumie karatasi ya bei. Akatuma picha, nikavaa miwani.

Glasi ya divai ni dola 12. Si kweli. Chini, kwa herufi za sisimizi, wameandika kwamba huongezwa asilimia 18 ya huduma. Kwa hiyo glasi ni dola 14 na senti 16, na aliyekuhudumia bado atakutazama usoni. Kifurushi ni dola 70 kwa siku. Nacho si kweli: ongeza ile 18, unapata dola 82 na senti 60. Ukigawanya, shemeji anatakiwa anywe karibu glasi sita kila siku ndipo aseme pesa yake imerudi, na hapo bado hajapata faida hata ya kijiko. Siku wanaposhuka kutembea mjini asubuhi hadi jioni, kifurushi kinaendelea kuhesabu. Siku ya kichefuchefu, kinahesabu.

Halafu nikafika kwenye mstari uliofanya niwashe tena intaneti kwa pesa yangu mwenyewe. Kwenye meli nyingi za namna hii, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho wanalazimika kununua. Tena kugawana ni marufuku.

Mdogo wangu ni Mmetodisti. Si Mmetodisti wa Krismasi. Ni wa Mulungwishi, aliyelelewa kwenye misheni na kuimba sauti ya pili. Tangu azaliwe hajaonja hata munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, uliolala usiku mmoja zaidi. Huyo ndiye atakayelipiwa dola 578 na senti 20 za divai kwa juma zima, ili mumewe aruhusiwe kunywa ya kwake kwa dola 578 nyingine na senti 20. Jumla ni dola 1,156 na senti 40. Ili hesabu ya chumba itoke sawa, shemeji anywe za watu wawili, glasi karibu kumi na mbili kwa siku. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano hivi. Hizo ni chupa mbili na zaidi kila siku ya Mungu. Akirudi Liège hatahitaji usafiri, atabebwa.

Yeye ananijibu kwamba nimesahau kitu: "Shemeji, baharini hakuna ushuru!" Kweli, divai ya melini inaweza kupita pembeni ya ushuru mwingi. Lakini nani amekuambia kwamba ushuru ukiondoka, bei nayo inaondoka? Nafasi iliyoachwa na serikali imekaliwa na kampuni, imenyoosha miguu. Isitoshe, meli inayozungukia bandari za Ulaya mara nyingine hukuongezea kodi ya nchi ambayo mmo ndani ya maji yake. Unakunywa huku unaivuka mipaka, na kila mpaka una mkono. Sisi wa Kasumbalesa tulidhani jambo hilo ni letu peke yetu.

Najua kuna wasomaji wanaosema: mtu wa Shinkolobwe anajua nini kuhusu meli? Keti nikuambie. Mwaka 1956, Saint-Nazaire huko Ufaransa, iliundwa meli ya abiria ya Compagnie Maritime Belge ya kwenda na kurudi kati ya Antwerp na Matadi. Ubavuni iliandikwa Jadotville. Ndiyo jina ambalo Wabelgiji waliupa mji wetu huu wa Likasi, kwa heshima ya mhandisi wao Jean Jadot. Kwa hiyo mji wetu, ulio katikati ya bara, ulikuwa na meli yake baharini, yenye vyumba vya kulala na meza zenye vitambaa. Wazee wetu waliokuwa migodini hawakuwahi kuulizwa kama wanataka nyekundu au nyeupe. Pombe kali sheria ya mkoloni ilimkataza Mwafrika. Ndiyo maana lutuku, pombe kali yetu ya kienyeji, mpaka leo hupikwa na watu wanaotazama nyuma. Mwaka 1961 meli ile iliuzwa kwa P&O ya Uingereza, ikaitwa Chitral. Sisi tulilitupa jina la Jadot mwaka 1966. Hata katika hilo meli ilitutangulia.

Na kuna abiria wengine wa kwetu waliopanda meli mapema zaidi. Mawe ya urani ya Shinkolobwe, zaidi ya tani 1,000, Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière aliyapeleka New York mwaka 1940, yakakaa kwenye ghala la Staten Island hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua. Mwisho wa safari ile dunia nzima inaujua, sitauchezea hapa. Ninachosema ni kwamba bei ilipangwa na watu wawili waliokaa ofisini ng'ambo, na wenye ardhi hawakuwa chumbani. Tangu Januari 2004 mgodi wenyewe umefungwa kwa amri ya rais. Basi mtu wa upande huu akiona karatasi ya bei iliyoandikwa na mwingine, ana haki ya kuvaa miwani.

Lakini chuo nilichosomea mambo haya si bahari. Ni treni.

Ukipanda treni ya kutoka Lubumbashi kwenda Kalemie, inapita kwetu Likasi, inapita Tenke, inateremka hadi Bukama kwenye mto Lualaba, inakwenda Kamina, Kabongo, Kabalo, Nyunzu, ndipo ziwa. Usiniulize inachukua siku ngapi. Mwenye treni mwenyewe hapendi swali hilo. Ndani ya behewa letu alikuwamo mama mmoja mfanyabiashara, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ameketi juu ya kasiye zake, yaani kreti, za bia ya Simba na Tembo kama mfalme juu ya hazina. Kutoka Likasi aliuza kwa bei ya mjini kabisa. Nikasema, huyu ni mtu wa Mungu. Tulipoiacha Tenke, chupa ileile ikapanda. Nikamuuliza, "Mama, imekuwa nini?" Hakunijibu. Alichungulia dirishani, akaona pori, akarudisha macho kwangu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nikaanza kumchunguza. Hakuwa na daftari wala saa. Dirisha lilimtosha. Kituo kikiwa karibu, bei inalegea, kwa sababu anajua kwamba treni ikisimama wauzaji watazingira madirisha na beseni za samaki, mihogo, ndizi na chupa za baridi kuliko zake. Tulipoingia Kamina, bei ya Simba ilishuka yenyewe kabla ya breki. Tulipotoka Kamina, ilipanda kabla ya honi. Halafu injini ikafa katikati ya majani, mahali pasipo na jina. Wanaume walishuka, wakatazama magurudumu kwa uso wa kitaalamu, wakapanda. Mama alingoja. Jua lilipoanza kuingia upande wetu, akatangaza bei mpya kwa sauti ya upole sana, sauti ya muuguzi. Bia ilikuwa ya moto. Tukanunua.

Kwa hiyo nikisikia kampuni ya meli ina wataalamu wa kupanga bei, nacheka. Mama yule apewe meli moja tu na mwezi mmoja, wale wenye tai watamwomba kazi.

Hata hivyo, mimi namtetea yeye kuliko meli, tena kwa sababu mbili. Kwanza, alikutajia bei kabla hujafungua, ukaweza kubishana naye, ukamwita mwizi, akakuita mwanangu, mkafikiana. Na ulilipa noti mkononi, noti nzima, kwa maana huku kwetu dola yenye mpasuko wa nywele moja hata muuza makaa anakurudishia. Melini hakuna noti. Wanakupa kadi ya mlango wa chumba. Hiyohiyo unaigusisha kwenye baa, unacheka, unagusisha tena. Hesabu huja mwishoni, usiku wa kufunga mizigo. Shikamoo kadi. Mtu anayelipa bila kuona pesa ikitoka hanywi divai, anasaini.

Ya pili ni chupa. Kwetu bia ni kitu kimoja na chupa ni kitu kingine. Huna chupa tupu ya kubadilisha, unaweka rehani. Mama yule alishika kitambulisho cha askari, kiatu kimoja cha mwanafunzi, na kofia yangu, mpaka kila chupa iliporudi kwenye tundu lake la kasiye. Alikuwa na sababu. Bila chupa tupu, safari inayofuata hana biashara. Ndiyo maana bei yake nilikuwa naielewa hata nilipoilalamikia: kupakia kasiye, zilizopasuka, waliokimbia na chupa. Melini wanakunywesha divai, chupa wanaipeleka wenyewe, hakuna anayekufuata na kiatu chako mkononi. Huduma nzuri, nakubali. Lakini dola 14 na senti 16 kwa sehemu moja ya tano ya chupa! Wenye migahawa wana desturi inayojulikana, kwamba glasi ya kwanza inalipa chupa nzima waliyoinunua. Glasi nne zinazobaki ni za kuangalia machweo, na machweo hayo ni ya Mungu, hawakuyanunua.

Mke wangu alikuwa anasikiliza yote haya akichambua sombe, majani ya muhogo. Akasema, "Wewe mwache mtu anywe. Miaka yote anafanya kazi ya usiku kwenye baridi ya watu. Ulitaka aende baharini akanywe maji?" Sikumjibu, kwa sababu ana hoja na mimi nilikuwa bado na njaa. Ni kweli pia kwamba divai ya hapa kwetu nayo si ya bure, na ikishakaa dirishani mwa duka msimu mzima wa kiangazi, unalipa bei ya Bordeaux kwa kitu cha kutia kwenye saladi. Sisemi watu wasinywe. Nasema wajue kwamba wanaouziwa ni wale ambao hawawezi kushuka.

Basi hukumu yangu nimeshaituma Liège, kwa maandishi, maana maandishi ni nafuu kuliko sauti. Kifurushi, hapana. Si kwa chumba chenye Mmetodisti. Lakini nilisoma ile karatasi hadi chini kabisa, na pale chini nikakuta sentensi moja ya huruma: siku ya kupanda, kila mtu mzima anaruhusiwa kuingia na chupa moja ya divai ya mililita 750 kwenye mzigo wa mkononi. Kila mtu mzima. Hawakusema kila mnywaji. Ukiinywea chumbani ni yako. Ukiipeleka kwenye meza ya chakula watakutoza pesa ya kuifungua, kwa hiyo shemeji, kaa chumbani. Zinunue zote mbili Barcelona, dukani, kwa bei ya watu wanaoweza kutoka na kwenda duka la pili. Kila chupa ya pombe utakayonunua bandarini katikati ya safari wataishika mpaka siku ya mwisho, usijisumbue.

Sasa kazi iliyobaki ni kumshawishi mdogo wangu apite mbele ya walinzi na divai mkobani, yeye na nyimbo zake za Mulungwishi. Akikubali, hiyo chupa yake ndiyo divai yenye faida kuliko zote katika safari hiyo. Akikataa, shemeji nunua glasi moja jioni, lipa, nyamaza, usinitumie sauti.

Nanyi mnaopanda treni ya Kalemie: nunueni hapahapa Likasi kabla haijaondoka, na mbebe chupa tupu, maana bila chupa tupu hata bei nzuri mtaisikia tu.