Sifa za Chumba cha Nyuma

Kwenye fomu ya kuagizia chumba cha hoteli, chini kabisa, baada ya jina na idadi ya watoto, kuna kisanduku kimeandikwa "maombi maalumu". Hapo ndipo watu wenye heshima zao huharibikiwa. Mtu ambaye nyumbani huamka alfajiri kujaza ndoo kabla maji hayajakatika, akifika kwenye kisanduku hicho anataka ghorofa ya juu, mbali na ngazi, mito minne isiyo ya manyoya, na dirisha litazame bahari. Wazee walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini wao hawakuwahi kupewa fomu.

Mimi mwaka jana nilikiacha kitupu. Tulikwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, siku nne. Binti wa mapokezi akaniamkia, "Shikamoo baba," akatupa maji ya ndimu, akasema chumba chetu kipo "nyuma kidogo". Ajuaye Kiswahili anaijua hiyo "kidogo". Tukapita bwawa, tukapita mkahawa, tukapita kamba za kuanikia mashuka. Tukafika. Kushoto jiko, kulia jenereta.

Niacheni nikisifu, maana hakuna kipeperushi kitakachokisifu.

Wageni wa mbele huita jenereta kelele. Hao hawakuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, njia ya umeme wa kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa miezi mitatu gizani. Aliyekuwepo akisikia mngurumo ule husema alhamdulillahi. Umeme ulipokatika usiku wa pili, wa mbele walilala wakiitazama feni iliyosimama, hawajui hatima yao. Sisi tulijua kabla ya wote. Chuma kilikohoa mara moja, kikakohoa tena, kisha kitanda kikaanza kutetemeka taratibu kama mtoto anayebembelezwa, na bilauri ikatembea yenyewe juu ya meza mpaka ukingoni, ikasimama. Huko mbele watu hulipia kukandwa mgongo.

Jiko nalo lina fadhila zake. Saa kumi na moja alfajiri mbuzi ya kukunia nazi imeshaanza kukwaruza, na kijana anamsimulia mpishi mkopo wake wa pikipiki. Kufika siku ya tatu nilishajua harusi ipi imevunjika na nani kaivunja. Nilijizuia sana nisitoe ushauri kupitia dirishani. Ndipo wanaingia kunguru. Hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe taka, na hakuna aliyewaambia kwamba kazi imekwisha. Walisafisha hata kandambili ya mwanangu.

Na wale waliolipa zaidi wapate kuitazama bahari? Siku za bamvua, Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, karibu na mwamba. Mtu anafungua pazia saa nne asubuhi, anakuta mchanga mtupu, ngalawa imelala ubavu, na kina mama wanarudi na mafurushi ya mwani. Mgeni mmoja alikwenda mapokezi, mkono kiunoni, kuuliza bahari itarudi saa ngapi. Akajibiwa kwa adabu, "Alasiri, inshallah." Jenereta yetu haikuwa na kupwa wala kujaa.

Mwaka huu nimeamua: nami nitaomba. Nimekijaza kisanduku kwa herufi kubwa, CHUMBA CHA NYUMA, KARIBU NA JENERETA. Jibu limekuja jana usiku. Wanashukuru, ombi langu limepokelewa, litategemea nafasi, hawawezi kuahidi. Ila kwa kuwa mimi ni mgeni wa kurudi, watajitahidi kunipa kinachotazama bahari bila nyongeza.

Mama watoto bado sijamwambia.