Lidumu Dumu

Washairi wetu wamesifu nazi, wamesifu jahazi, wamesifu wanawake mpaka kope. Dumu la maji, hili la manjano la lita 20 linalofika mjini na mafuta ya kula tumboni, sijaona aliyelitungia hata kibwagizo. Ni utovu wa shukrani. Mimi na mke wangu tulipata mtoto wetu wa kwanza Februari 2022, katika chumba na sebule ya kupanga huko Kimara, Dar es Salaam, na naapa kwamba mtoto yule amelelewa na watatu: mama yake, bibi yake na dumu. Mimi nilikuwa mbebaji.

Tuanze na jina. Wenzetu wa Kenya huliita jerikeni, neno lenye harufu ya vita, kwa kuwa babu yake ni kopo la chuma la petroli walilobuni Wajerumani miaka ya 1930. Sisi tuliona mbali, tukaliita dumu. Ndoa huombewa zidumu, na enzi za chama kimoja hata fikra za mwenyekiti ziliombewa zidumu. Wanaojua yaliyozipata fikra na ndoa watakubali kwamba jina limeifaa plastiki.

Uzuri wake hauhitaji wakili: yapange saba ukutani, jua la asubuhi liyapige, utadhani vifaranga. Muziki linao pia. Likijaa, sauti hupanda kutoka nzito hadi nyembamba, hata asiyeona akajua wakati wa kufunga koki. Na kwa afya yangu, kilo 20 kila mkono kutoka bombani hadi mlangoni, sijalipia chumba cha mazoezi hata senti. Hayo ni madogo. Ukuu wa dumu uko kwenye malezi.

Mama mkwe alifika kutoka Muheza siku ya tatu, akiwa na azma ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni kwa siku 40. Hayo yalikuwa madumu mawili kwa siku. Mtoto kuogeshwa, nusu. Winda, mawili na ushee, maana mama mkwe hana imani na pampasi. Kabla arobaini haijafika, kipimo cha kila kitu nyumbani kwetu kilikuwa dumu, na mimi nikaanza kumpima mtoto kwacho. Alizaliwa na kilo 3.2: hakufika hata sudusi ya dumu. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tulikwenda kliniki kwa chanjo, muuguzi akamning'iniza kwenye mzani, akaandika kwenye kadi, nami njiani nikapiga hesabu yangu. Miezi 9, siku ya chanjo ya surua na rubella, bado hajafika nusu. Alipotimiza mwaka mzani ukasoma kilo 10. Nusu dumu kamili! Mke wangu alipiga vigelegele, jirani akatoka mbio na ndoo akidhani bomba limetoa.

Alipoanza kukaa, tulimweka katikati ya madumu mawili yaliyojaa. Mto huteleza, dumu halitelezi. Halichezei simu, halimfokei mtoto, haliombi ruhusa ya wiki moja kwenda nyumbani likapotea mwezi mzima. Jino la kwanza lilitoka kwenye mfuniko wake. Mama yake aliuchemsha kwanza, akaapa ni mara moja tu, tukauchemsha mwezi mzima.

Kisha ikaja neema kubwa. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua kwa ukame na Dar es Salaam ikatangaziwa mgao. Madumu yetu yalipanda kutoka manne hadi saba, yakajipanga koridoni kutoka mlango wa chumba hadi jikoni. Mtoto akatambaa hadi la kwanza, akashika shikio, akasimama dede. Akatazama la pili. Wiki ile ile alifika la tatu, na kabla Novemba haijaisha alikuwa anakagua gwaride zima kama mgeni rasmi. Mtoto wa jirani mwenye kisima chake hakutembea hadi miezi 15. Sisemi zaidi.

Neno la kwanza la mtoto wetu lilikuwa "du". Mke wangu anashikilia kwamba alikusudia dada. Hana dada.

Hata ndoa imefaidika. Maji yetu hutoka saa nane za usiku, na ni wapi pengine baba na mama wa mtoto mchanga watapata saa mbili za mazungumzo, kwenye vigoda, chini ya nyota, wakisikiliza bomba likikohoa?

Lakini kwa nini saa nane? Kuna mtu mwenye ufunguo wa koki ile. Mtu huyo ana saa mkononi, na nina hakika ana usingizi kama mimi. Kati ya saa 24 alizopewa na Mungu amechagua hiyo. Na lile kohozi la bomba si maji, ni upepo. Bomba huvuma nusu saa kabla ya tone la kwanza, na mita inazunguka. Nimeichutamia kwa tochi nikaitazama ikizunguka, huku beseni likiwa kavu. Novemba ile maji yalitoka usiku mara tatu, na ujumbe ukaingia kwenye simu: ndugu mteja, lipa deni lako kuepuka usumbufu. Kuepuka usumbufu! Nilikwenda ofisini. Kijana wa dirishani, mpole sana, akanijibu, "Kaka, mita haidanganyi," akanishauri niandike barua. Nikaandika. Ikagongwa muhuri, ikapelekwa kwa mamlaka husika, na huko iko hadi leo.

Ukame sikuulaumu. Wingu halina ofisi. Ila mvua zilinyesha, mto ukajaa, bomba letu likabaki vilevile na kilichobadilika kikawa sababu: umeme, kisha bomba limepasuka, kisha maboresho. Hilo neno maboresho nikilisikia nakimbilia kujaza madumu.

Usiku mmoja wa ile arobaini, tukingoja maji, nilimsimulia mama mkwe kwamba mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila kaya ya kijijini. Ungekamilika mwaka 1991. Mimi nilizaliwa 1991, na nilifika. Nikamwambia pia kwamba Sera ya Maji ya 2002 ilimkadiria mwanakijiji kama yeye lita 25 kwa siku, umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake, yaani dumu moja na robo.

"Hiyo robo, mkwe wangu," akauliza, "wanaipima na nini?"

Alikuwa amebeba maji kichwani tangu utoto, akaja mjini kwa binti yake akidhani huku atapumzika. Alikaa miezi miwili, akarudi Muheza. Alipoaga alinikabidhi kata yake ya kitenge, ile ya kuwekea mzigo kichwani, bila kusema neno. Na sisi wa mjini ahadi hatukukosa: walioomba kura mtaani kwetu walituahidi maji. Mmoja alisimama hatua kumi kutoka kwenye bomba letu, akaahidi, akanywa maji ya chupa, akaondoka.

Siku ya mtoto kutimiza mwaka tulikata keki. Maji ya kupikia pilau tulinunua kwa mwenye mkokoteni, shilingi 500 kwa dumu. Mtoto sasa akisikia mkokoteni ukiburuzwa nje, anachukua dumu tupu, analisukuma mpaka mlangoni, anakaa juu yake kungoja.

Bili ya mwezi huu imeingia asubuhi, shilingi 14,300. Madumu yote saba ni matupu.