Mhakiki wa Naviundu

Hapa Naviundu, Lubumbashi, tunaye mwanafunzi mwenye maoni juu ya kila filamu, kila riwaya na kila wimbo, hasa zile ambazo hajazigusa.

Filamu ya Baloji, Augure, aliipuuza kabisa. Mtoto wa Lubumbashi ataonyesha nini? Mwaka 2023 ikapata tuzo Cannes. Kesho yake kijana akatangaza kwamba kipaji hicho alikiona zamani. Kwa macho gani, hakusema.

Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa mwingine wa mji huu, anatembea nayo kwapani mpaka jalada limechubuka. Kurasa za ndani bado zinang'aa. Ukimuuliza kisa chake, anajibu kwamba kisa si kitu, sikiliza mdundo. Na hapo, jamani, amepatia: riwaya ile ya 2014 kweli inakwenda kwa mwendo wa jazi. Siku hizi hata kubahatisha kunaitwa uhakiki.

Ila kwa muziki ndiko anakotuua. Gitaa la Mwenda Jean Bosco, lililorekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, aliliita kelele za wazee. Babu yake alimpigia Masanga, wimbo wa Bosco huyo. Yeye akavaa visikilizio. Halafu akagundua kwamba Wazungu wanakaa miaka wakijifunza vidole vya yule bwana.

Sasa anatafuta mwalimu wa kumfundisha Masanga. Sharti lake ni moja tu: mwalimu atoke Ulaya.