Namna ya Kuidanganya Simu na Bado Uonekane Mtu wa Watu

Kama nawe humtembelea mjomba huku kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu, sogea nikunong'oneze. Huna haja ya kuhama mitandao wala kununua kitochi. Unahitaji ulaghai kidogo tu, na wa kulaghaiwa ni simu, siyo mjomba.

Kwanza, singizia chaji. Kabla hujatoka nyumbani andika kwenye makundi: "Simu inakata chaji, tutaongea usiku." Nani atakulaumu? Kisha izime kweli, uongo usije ukakusuta.

Ukiogopa kuzima, ondoa tiki za bluu. WhatsApp ilizileta Novemba 2014, na tangu hapo mtu akiona umesoma hujajibu, anaanza kununa. Ukiziondoa, nawe huoni za wenzako. Kubali hasara hiyo. Kwenye makundi haziondoki, kwa hiyo kundi la kamati ya harusi linyamazishe kwa muda wa saa 8.

Pili, usiiweke mezani. Wengi huilaza kifudifudi wakidhani wametimiza adabu. Haitoshi. Mwaka 2012, watafiti Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha majaribio waliyofanya Uingereza. Watu wasiofahamiana walikaa wawili wawili wakaongea kwa dakika 10, wengine pembeni yao pana simu, wengine pana daftari. Simu ile haikuwa yao na hakuna aliyeigusa. Hata hivyo, walioongea mambo mazito mbele ya simu walijiona mbali zaidi na wenzao, na imani ikapungua. Sasa fikiria yako, inayotetemeka kila dakika! Itie kwenye mkoba, na mkoba uuache mlangoni pamoja na viatu.

Tatu, itumie tamaa yako ya kusifiwa. Unataka uitwe msikivu? Njia ya mkato ni swali la pili. "Shikamoo, mjomba, hali yako?" kila mtu anauliza. Wewe subiri ajibu, kisha uliza: "Na lile goti, ulirudi hospitali?" Hapo ataanza kukueleza goti, daktari, shamba, mpaka ugomvi wa mpaka wa mwaka ule. Utakuwa umefuata sifa, ukapata na habari za ukoo ambazo hakuna kundi lolote lingekuletea.

Msibani ndipo tunapokosea zaidi. Rambirambi itume kwa simu usiku huohuo, na ya kutolea, maana sanda na usafiri havisubiri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na imewasitiri wafiwa wengi. Siibezi hata kidogo. Ila usijihesabu kuwa umefika. Kesho yake nenda. Huna la kusema? Usiseme. Kaa jamvini, pokea kikombe, ubaki mpaka watu wapungue. Mfiwa atasahau nani aliandika "poleni sana", lakini hatamsahau aliyekaa naye. Na picha usipige.

Basi chagua mtu mmoja ambaye siku hizi unamjibu kwa dole gumba tu. Mpigie leo, mwambie unakwenda kwake Jumapili, uliza umpelekee nini. Akikuuliza kuna nini, mwambie hakuna kitu, unataka kumwona.