Sifa za Kishona-nguo

Hakuna mmea wa bustani unaopandwa kwa bidii kama kishona-nguo. Mbegu zake nyeusi, nyembamba mithili ya sindano, zina vijiba viwili au vitatu nchani, navyo hunasa pindo la kanga, soksi za mwanafunzi na manyoya ya mbuzi. Anayezibandua mlangoni na kuzitupa uani amekwisha kupanda, na hakulipwa kibarua.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ila Afrika Mashariki hakina ugeni wowote. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipokiandika kwa jina la kitaalamu, Bidens pilosa, mwaka 1753, alitazama meno mawili ya mbegu. Kiswahili kilitazama nguo. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu 3,000, ukarimu ambao mkulima wa maharage hajawahi kuuomba.

Heshima yake kubwa imo katika ua lake. Petali chache nyeupe za pembeni ni bango tu. Chakula kimo katikati, kwenye vijiua vya njano vilivyosongamana, kila kimoja na mbochi wake. Vikombe hivyo ni vifupi, hivyo hata mwenye ulimi mfupi hali njaa: nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, vipepeo, na wale nzi wenye mistari ya njano wanaojifanya nyuki. Nzi hao hubebeshwa aibu ya ndugu zao wa jikoni, ingawa mabuu ya wengi wao hula vidukari walioikalia sukuma wiki. Waridi la fahari, lenye petali tabaka kwa tabaka, mara nyingi limegeuza stameni zake kuwa petali. Mdudu hulizunguka akaondoka kama mgeni aliyeonyeshwa sebule tu.

Mdudu aliyeshiba kwenye kishona-nguo hupitia na kwa jirani. Mmea wa maboga una maua dume na jike mbalimbali, na chavua yake nzito haibebwi na upepo. Nyuki wasipofika, kiboga kichanga hunyauka. Pesheni humngoja nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti, msumbufu mwingine anayestahili sifa zake peke yake.

Wenye wivu husema kishona-nguo hunyang'anya mazao maji na mwanga. Ni kweli. Kwa hiyo huachiwa ukanda wa uzioni, mbali na njia, pasipopulizwa dawa ya wadudu, kikafyekwa kwa zamu kabla mbegu hazijakomaa, upande mmoja ukiendelea kuchanua. Majani machanga hupikwa mboga, machungu kidogo. Yanayobaki hupewa sungura, ambaye hajawahi kuuliza kama ni gugu.