Ua Lisilokufa na Nyumba Yenye Huruma

Muuza maua wa kando ya barabara jijini Dar es Salaam huuza mche pamoja na sentensi moja: "Hili halifi, dada." Wala hasemi uongo. ZZ, ambalo wataalamu huliita Zamioculcas zamiifolia, huota lenyewe kuanzia Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar hadi Afrika Kusini, hata kwenye vichaka vya mawe ambako mvua huja ikitaka. Ardhini lina viazi vinene vya kuhifadhi maji. Ukame ukizidi, hupukutisha majani na kulala. Mvua ikirudi, huchipua.

Ila muuzaji haulizi nyumbani kuna watu wangapi.

Chukua familia moja ya ghorofani, Upanga. Mama mwenye nyumba hulimwagilia kila Jumamosi. Dada wa kazi, asiyetaka kuitwa mvivu, hulimwagilia kila akimaliza kudeki. Bibi aliyekuja kutoka Tanga kutibiwa macho hulionea huruma na kulimwagia maji yaliyobaki baada ya kumeza dawa. Baba hamwagilii; yeye humimina humo chai iliyopoa wakati wa taarifa ya habari, akidhani haonekani. Na chungu chenyewe ni cha kauri, hakina tundu chini, kwani chenye tundu kingeharibu zulia.

Mizizi iliyozama hukosa hewa, viazi huoza, majani hugeuka manjano. Na kwa familia ile jani la manjano lina maana moja tu: kiu. Maji yakaongezwa.

Mpwa wa baba, fundi wa kila kitu, akatoboa chungu na kuweka sahani chini yake. Sahani ikawa leba ya mbu. Maji yaliyotuama kwenye vyombo vidogo kama hivyo ndiyo makazi ya mbu aina ya Aedes, wanaong'ata mchana na kueneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mpwa huyohuyo alikata jani, akajifuta uso kwa mkono uleule, akashinda akijikuna. ZZ ni la ukoo mmoja na magimbi, na utomvu wake huwasha kama gimbi bichi.

Bibi alipotajiwa bei alinyamaza kidogo. "Hili si lile la kichakani, nyuma ya choo cha kina Mwanaidi?"

Huenda ndilo. Lilielezwa kitaalamu London mwaka 1829, likapewa jina lake la sasa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905, kisha miaka ya 1990 wakulima wa maua wa Uholanzi wakalizalisha kwa wingi na kulisambaza duniani. Ndivyo mzaliwa wa pwani alivyorudi nyumbani akiwa na bei ya mgeni.

La Upanga liling'olewa, viazi vilivyooza vikakatwa, vizima vikaachwa vikauke siku kadhaa kabla ya kupandwa kwenye udongo wenye mchanga mwingi. Hata jani moja dogo likichomekwa ardhini huota mizizi na kiazi chake, ila huchukua miezi, na familia ile haina subira ya miezi. Mama akalihamishia ofisini kwake, juu ya kabati la mafaili, ambako halikumbukwi na mtu. Limeshachipua upya, na mhudumu wa ofisi ameanza kulitazama kwa huruma.