Jinsi ya Kulimaliza Gumba Lako

Mwongozo huu umeandaliwa kwa akina mama wa Enguserosambu waliovuka miaka 50 na ambao vidole gumba vyao, kwa bahati mbaya, bado ni vizima. Msikate tamaa.

1. Bana kila kitu. Shinani mwa gumba, karibu na kifundo cha mkono, mfupa mmoja umekalia mwingine kama mtu juu ya tandiko la punda, gegedu laini likiwa katikati. Ukibana kitu kwa uzito wa kilo 1 kwenye ncha ya gumba, pale shinani hufika takribani kilo 12. Neema kama hiyo haipotezwi. Tunga shanga tangu asubuhi hadi jioni bila kupumzisha mkono. Ukikamua, likunje gumba uminye chuchu kwa fundo lake. Kukamua kwa kiganja kizima waachie wavivu.

2. Isingizie baridi. Gumba likianza kuuma na kusaga, laumu umande wa msituni. Gegedu ndilo linalolika, lakini umande haujui kujitetea.

3. Tafuta cha kunywa. Mwaka 2011 maelfu walifurika Samunge, katika wilaya yetu hii hii ya Ngorongoro, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Gegedu lililolika halioti tena kwa kikombe, basi ongeza cha pili. Kisha meza diklofenaki za dukani kila siku, tumbo likiwa tupu, ili vidonda vya tumbo navyo vipate nafasi. Ile ya kupaka iepuke: ina madhara machache mno.

4. Pita hospitali ya Wasso bila kugeuka. Ukiingia, wanaweza kukushauri uvae kishikizo cha gumba, ufanye mazoezi ya mkono au uchomwe sindano ya kiungo. Wapo hata madaktari wa upasuaji wanaotoa kifupa kinachosagwa. Watakuharibia mpango.

5. Usinenepeshe mpini. Kipande cha tyubu ya pikipiki kikizungushiwa mpini wa kisu hupunguza kubana. Kitupe.

6. Usimtume mjukuu. Kifuniko cha dumu kikikaza, pambana nacho mwenyewe, bibi, huku vijana wanne wakichezea simu pembeni.

Ukizingatia yote, shina la gumba litavimba na kutokeza, nguvu zitaisha na vikombe vitaanza kukuponyoka. Hapo mjukuu atakufungulia dumu bila kuombwa. Ungeweza kumwomba tangu mwanzo, lakini heshima ya kifuniko ingekwenda wapi?